Maana Tano za Neno "Sauti": Istilahi za Kuunganisha Piano ya Kidijitali na Vifaa vya MIDI

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna piano ya kidijitali inavyounganishwa na vifaa vya nje vya MIDI ili wimbo wa sauti kadhaa upigwe kwa wakati mmoja. Aidha, yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili maelezo hayo yaweze kufuatwa na mtumiaji asiyetegemea Kiingereza wala Kifaransa. Hoja ya msingi ni kwamba kikwazo si uhaba wa maneno. Kikwazo ni neno moja, sauti, kubebeshwa dhana tano ambazo mtambo wenyewe unazitenganisha. Inapendekezwa kwamba neno hilo libaki na maana linayopewa na wanakwaya, na dhana nyingine zipewe maneno ambayo tayari yapo vinywani mwa watu.

1.0 Utangulizi

Katika kwaya moja ya parokia jijini Bujumbura, mazoezi ya wimbo wa sauti nne yalisimama kwa muda mrefu kwa sababu ya swali moja. Mwalimu wa kwaya alikuwa amepakua nota za wimbo pamoja na faili yake ya MIDI, kama wafanyavyo walimu wengi wa kwaya katika Tanzania, Kenya na nchi jirani. Faili hiyo ilikuwa ikipigwa kutoka kompyuta mpakato kupitia piano ya kidijitali. Katikati ya wimbo mwalimu akauliza, "Jamani, sauti imekwenda wapi?" Kijana aliyekaa kwenye kompyuta akaongeza sauti. Mpiga kinanda akadhani piano imebadilika, akabonyeza kitufe na kuirudisha kwenye ogani. Aliyesimamia vipaza sauti akachomoa waya wa spika na kuuchomeka upya. Kumbe mwalimu alikuwa akiulizia sauti ya pili: kinamama wa alto hawakuwa wakisikia mstari wao. Chaneli ya 2 ilikuwa imezimwa ndani ya programu, na hakuna hata mmoja kati ya watatu wale aliyekuwa ameigusa.

Ni vigumu kumlaumu yeyote kati yao. Kila mmoja alilijibu swali kwa usahihi kulingana na maana ya neno sauti inayotawala katika kazi yake. Kwa mtafiti wa lugha, tukio hilo linaonesha jambo ambalo orodha zetu za istilahi huliacha nyuma: neno linaweza kuwa fasaha, la asili na linaloeleweka na wote, na bado likashindwa kazi pale linapoingizwa katika mfumo wenye dhana zaidi ya moja za jirani.

Ala zinazozungumziwa hapa, hasa zile za kampuni za Japani kama Yamaha, Roland, Kawai na Casio, huja na miongozo ya Kiingereza na lugha kadhaa za Ulaya. Sijapata kukutana na mwongozo rasmi wa piano ya kidijitali ulioandikwa kwa Kiswahili. Katika nchi zetu za jirani hali hiyo ina uzito wa ziada, kwani mtumiaji wa Kampala husoma Kiingereza, wa Bujumbura au Bukavu husoma Kifaransa, kisha wote wawili huja kuelezana kwa Kiswahili.

2.0 Kinachopita ndani ya kebo

Kabla ya kutaja istilahi yoyote ni lazima dhana yenyewe iwe wazi, na dhana hii hukosewa mara nyingi hata na wapiga kinanda hodari. MIDI haibebi muziki unaosikika. Ni utaratibu wa kupeleka maagizo kutoka chombo kimoja hadi kingine: nota fulani imebonyezwa, kwa nguvu fulani, sasa imeachiliwa. Utaratibu huo uliasisiwa na watengenezaji wa ala, wakiwamo Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani. Mwezi Januari 1983 ala mbili za kampuni zilizokuwa zikishindana, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, ziliunganishwa hadharani katika maonesho ya NAMM huko Marekani, na moja ikaipiga nyingine. Toleo la pili la utaratibu huo lilitoka mwaka 2020, lakini vifaa vingi vilivyomo makanisani na shuleni bado vinatumia lile la kwanza.

Agizo moja la kupiga nota lina baiti tatu. Baiti ya kwanza hutaja aina ya agizo na chaneli yake. Ya pili hutaja nota kwa namba, kuanzia 0 hadi 127, ambapo C ya katikati ya piano ni 60. Ya tatu hutaja nguvu ya kidole, nayo pia ni kuanzia 0 hadi 127. Katika kebo ya kawaida yenye pini tano, maagizo husafiri kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, hivyo agizo moja huchukua takriban milisekunde 1. Akodi ya sauti nne basi hukamilika ndani ya milisekunde 4 hivi, muda ambao sikio haliutambui kama kuchelewa.

Kwa kuwa kinachopita ni maagizo matupu, faili ya wimbo mzima wa kwaya huwa na kilobaiti chache tu. Ni kwa sababu hiyo hiyo faili moja husikika kama violini katika chombo kimoja na kama ogani katika kingine. Mtu akisema kwamba kebo ya MIDI "inapeleka sauti", amekwisha kumpotosha msikilizaji. Ataiunganisha kebo, atangoje kusikia kitu, na hatasikia.

3.0 Muunganisho wa kupiga sauti nyingi

Lengo la mwalimu wa kwaya, au la mtunzi anayejaribu kazi yake, ni kusikia soprano, alto, tena na besi kwa pamoja, kila moja ikiwa na mlio unaoitofautisha, na kuweza kuzima moja ili waimbaji waijaze wenyewe. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama lengo hilo litafikiwa.

La kwanza ni chaneli. Kebo moja ya MIDI hubeba chaneli 16, na kila agizo hutaja chaneli yake. Faili iliyoandaliwa vizuri huweka kila sauti katika chaneli yake: soprano chaneli ya 1, alto ya 2, na kuendelea. Faili iliyoandaliwa ovyo huziweka zote katika chaneli moja. Hapo hakuna kifaa cha nje kitakachoweza kuzitenganisha kwa mujibu wa chaneli, hata kiwe cha bei gani. Ushauri wangu kwa yeyote anayepakua faili ni aifungue kwanza kwenye programu ya nota na kuhakikisha jambo hili kabla ya kuhangaika na waya.

La pili ni milio iliyomo ndani ya ala. Mwaka 1991 watengenezaji walikubaliana juu ya orodha ya pamoja inayojulikana kama General MIDI. Orodha hiyo ina milio 128 yenye namba maalumu: 1 ni piano, 20 ni ogani ya kanisani, 41 ni violini, 53 ni kwaya. Chaneli ya 10 ilitengwa kwa ngoma na ala nyingine za kugonga. Piano nyingi za kidijitali, hasa zile zilizotengenezwa ili zifanane na piano halisi, hazina orodha hiyo. Zina milio michache tu, na agizo la kuita mlio wa 41 huzikuta hazina cha kujibu. Dalili yake haisahauliki: sehemu ya ngoma hupigwa kwa mlio wa piano. Ngoma kubwa, ambayo katika chaneli ya 10 ni nota ya 36, hugeuka kuwa kishindo cha upande wa kushoto wa piano kinachojirudia kila pigo. Nimewaona watu wakiamini kwamba faili imeharibika, ilhali ala ilikuwa ikitii kila ilichoagizwa.

Tiba yake ni kuongeza kifaa cha nje chenye milio yote, ambacho hapa nitakiita kisanduku cha milio. Sound Canvas SC-55 ya Roland, ya mwaka huo huo wa 1991, ni mfano unaojulikana sana. Siku hizi kompyuta yenyewe au hata simu yenye programu inayofaa hufanya kazi hiyo. Kisanduku hupokea chaneli zote 16 na kuipa kila moja mlio wake. Kwa kawaida hakina spika, kwa hiyo kinahitaji kebo ya pili, ya sauti, kwenda kwenye mashine ya kuchanganyia sauti au kwenye tundu la kuingizia sauti la piano, ikiwa lipo. Kebo ya MIDI hupeleka maagizo kwenye kisanduku, na kebo ya sauti hukirudisha kinachosikika. Ni kebo mbili zenye kazi mbili.

La tatu ni kipengele ambacho kwenye miongozo ya Kiingereza huitwa "Local Control". Piano ina sehemu mbili zilizounganishwa kwa ndani: vibonyezo, na mtambo wa milio. Kompyuta inapowekwa katikati, agizo la kidole hufika kwenye mtambo kwa njia mbili, moja ya ndani na nyingine inayozunguka kupitia kompyuta. Kila nota basi hupigwa mara mbili kwa tofauti ndogo ya wakati, na mlio hupata mwangwi mwembamba, kama wa kwenye bomba. Mtumiaji anatakiwa kuikata njia ya ndani. Akisahau kuirejesha baada ya mazoezi, atakuta piano iliyowashwa lakini bubu, na pengine atampigia simu fundi.

Kuhusu kebo za USB maelezo ni mafupi. Tundu la mraba huenda kwenye kompyuta, na lile bapa hupokea kifaa cha kuhifadhia faili. Tundu bapa halikukusudiwa kuunganishwa na kompyuta.

4.0 Neno "sauti" na mipaka yake

Sasa tulirudie swali la Bujumbura. Katika maelezo yaliyotangulia nimelazimika kukwepa neno sauti mara kadhaa, na msomaji makini atakuwa ameona. Katika matumizi ya kawaida neno hili hubeba walau dhana tano zinazohusika hapa: mstari wa waimbaji, kama katika sauti ya kwanza hadi sauti ya nne, ukubwa wa kinachosikika, kama katika "ongeza sauti", aina ya mlio, kama katika "weka sauti ya violini", umeme unaobeba kinachosikika, kama katika "waya wa sauti", na idadi ya nota ambazo ala inaweza kuzitoa kwa pamoja, ambayo wauzaji huitangaza kama "sauti 64" au "sauti 128". Hapa siihesabu maana ya kifonolojia, ambayo sisi wanaisimu tunaipenda kuliko zote na ambayo kwa bahati njema mpiga kinanda haihitaji.

Tuchukue sentensi ambayo nimeiunda kwa maksudi, lakini ambayo kisarufi haina kosa: "Chagua sauti ya kila sauti, kisha punguza sauti ya sauti ya pili." Msemaji wa Kiswahili ataielewa akijitahidi, kwa kuwa muktadha humsaidia. Mtumiaji aliyeshika kebo mkononi, mbele ya kioo kidogo chenye herufi kumi na sita, hana muktadha huo.

Lugha nyingine hazikusalimika kabisa. Katika miongozo ya Kiingereza, Yamaha huuita mlio "Voice" na Roland huuita "Tone", na neno lile la kwanza hutumika tena kwa uwezo wa nota za pamoja. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza hutuletea mkanganyiko wa wengine juu ya ule wetu wenyewe. Hoja kwamba istilahi iwe ya kimataifa, mojawapo ya vigezo vilivyomo katika PEGITOSCA ya Kiingi, haina budi kupimwa pamoja na kigezo cha usahihi na kile cha kuwa na mfumo. Hapa vigezo hivyo vinavutana.

Pendekezo langu ni kuanzia kwa wanakwaya. Wao ndio watumiaji wakubwa wa vifaa hivi katika ukanda wetu, na kwao sauti ya pili ina maana moja tu. Neno sauti peke yake likabidhiwe dhana hiyo. Kwa aina ya mlio tunalo neno mlio, na huhitaji kumfundisha mtu: kila mwenye simu amewahi kufungua orodha na kuchagua mlio wa simu. Kitendo cha kuchagua violini kati ya milio 128 ni kitendo kile kile. Nimewahi kusikia "rangi ya sauti" ikipendekezwa kwa dhana hii. Ni tamathali nzuri darasani, lakini inalirudisha neno lile lile tunalotaka kulipunguzia mzigo.

Kwa ukubwa, "ukubwa wa sauti" unatosha mradi usifupishwe. Kwa uwezo wa nota za pamoja, sioni haja ya istilahi: tuseme "nota 64 kwa pamoja". Si kila dhana inayohitaji nomino yake, na mojawapo ya maradhi ya kamati za istilahi, ambazo nimeshiriki katika chache, ni kuamini kwamba kila seli ya jedwali lazima ijazwe.

Katika suala la chaneli nilibadili msimamo. Hapo awali nilipendelea mkondo, kwa kuwa ni neno la Kibantu na lina picha ya kitu kinachotiririka. Nilipojaribu kuandika ukurasa mzima wa maelekezo nikakuta mkondo wa umeme wa adapta na mkondo wa 2 wa alto katika aya zinazofuatana. Isitoshe, mkondo humfanya msomaji aone mito kumi na sita iliyotengana, yaani kebo kumi na sita. Chaneli, kwa upande mwingine, inajulikana kutokana na televisheni, ambapo waya mmoja wa antena huleta chaneli nyingi na kipokezi huchagua. Ulinganisho huo hauchechemei ila mahali pamoja: televisheni huonesha chaneli moja kwa wakati, lakini kisanduku cha milio husikiliza zote. Sentensi moja ya ufafanuzi inatosha. Msomaji wa Kifaransa atakayeleta kanali kutoka "canal" hatapotea njia.

Neno kinanda nimeliacha kwa makusudi kama jina la jumla. Neno ambalo pwani lilimaanisha ala ya nyuzi kabla ya kuhamia kwenye ogani na hata kwenye gramafoni limekwisha kuthibitisha kwamba linaweza kubeba wageni.

5.0 Kutoka, kutolea na kupokelea

Matundu ya MIDI yameandikwa OUT, IN na THRU, na kosa la kawaida kabisa ni kuunganisha OUT kwa OUT. Tafsiri zinazosikika, "tundu la kutoka" na "tundu la kuingia", hazizuii kosa hilo, kwa kuwa kitenzi katika hali hiyo hakimtaji mtendaji. Kitu kinatoka wapi? Katika piano, katika kebo, au katika kompyuta? Tatizo hili limechapishwa hata kwenye bidhaa. Baadhi ya kebo za USB za bei nafuu zina plagi iliyoandikwa IN, na mtengenezaji mmoja humaanisha ichomekwe katika tundu la IN, ilhali mwingine humaanisha ichomekwe katika OUT kwa sababu ndiyo inayoingiza maagizo kwenye kompyuta.

Kiswahili kina kifaa cha kisarufi cha kuliondoa tatizo hilo bila kukopa. Kauli ya kutendea huweza kutaja mahali au chombo cha kutendea jambo: tundu la kutolea, tundu la kupokelea, tundu la kupitishia. Kitenzi kutoa kinahitaji mtoaji, na kupokea kinahitaji mpokeaji. Mara moja msomaji anaifahamu ala yenyewe kama mtendaji: piano hutoa, kisanduku hupokea, na kutolea huunganishwa na kupokelea. Tundu la kupitishia hutoa nakala ya kilichopokelewa ili kifaa cha tatu kikipate. Halitoi kile ambacho ala yenyewe imepiga, na jina lake linalisema hilo vizuri kuliko THRU.

Niliiandika upya karatasi ya maelekezo kwa istilahi hizi na kumpa mpiga kinanda wa kwaya ile ile. Aliunganisha piano na kisanduku bila kuuliza, akaweka milio minne katika chaneli nne, akaizima ya 2 na kuirudisha. Alipofika kwenye sentensi ya "uendeshaji wa ndani" alisimama. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama ninamaanisha ndani ya kanisa.

6.0 Kwa vyombo vya usanifishaji

Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa mabaraza ya kitaifa, jambo ninaloliomba ni dogo na halina gharama kubwa. Istilahi za vifaa zisipitishwe zikiwa katika orodha ya kialfabeti, ambamo channel na voice hujadiliwa siku tofauti na pengine na watu tofauti. Zipitishwe zikiwa ndani ya ukurasa mmoja wa maelekezo, na ukurasa huo ajaribiwe nao mtu mwenye kifaa mkononi ambaye hakuwamo kwenye kamati. Mtu huyo atafutwe pande zote mbili, palipozoeleka Kiingereza na palipozoeleka Kifaransa. Tofauti ya kompyuta na tarakilishi tumeishi nayo kwa miaka mingi bila madhara makubwa, kwa sababu yote mawili yanataja kitu kimoja kinachoonekana. Chaneli, mlio na sauti havionekani, na hapo tofauti ndogo humwacha mtumiaji gizani.

Katika karatasi yangu nimekwisha kuufuta "uendeshaji wa ndani". Mahali pake nimeandika: "Tenga vibonyezo na milio ya piano yenyewe, vitaendelea kupeleka maagizo nje." Ni sentensi nzima badala ya istilahi, na mpiga kinanda ameielewa. Anayo sasa, imebandikwa kwa utepe chini ya piano, karibu na swichi.